KIKULACHO KIMO SAHANINI: MAISHA YA DAKTARI WILLEM-KAREL DICKE

Mlezi wa chama chetu alipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu walikimbilia majina ya mashujaa na washairi. Mmoja akamchukua Mekatilili wa Menza, mwingine Shaaban Robert, mwingine Muyaka. Mimi nilipomtaja Mholanzi mmoja aliyekuwa akitibu watoto wenye kuharisha, darasa zima liliangua kicheko. Hata mwalimu aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kuwa hakika ninayo, tena sababu yake ninaibeba mwilini.

Kabla sijamsimulia yeye, sharti nijisimulie mwenyewe kidogo, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Nilipokuwa Kidato cha Pili nilianza kuwashwa viwikoni, halafu magotini, halafu makalioni na mgongoni karibu na kiuno. Vilikuwa vipele vidogo vyenye maji, vimekaa mafungu mafungu, kushoto na kulia sawasawa kana kwamba vimepangwa na fundi. Usiku nilijikuna hadi damu ikatapakaa shukani. Bwenini, kama mjuavyo, mtu akijikuna ugonjwa wake una jina moja tu: upele. Basi nikapakwa ile dawa nyeupe inayochoma kama pilipili, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nguo zangu zikachemshwa, godoro likaanikwa juani. Majirani zangu wa kitanda nao wakapakwa ili wasiambukizwe. Ajabu ni kwamba wao hawakuwashwa hata siku moja, na mimi niliyepakwa zaidi nikazidi kuwashwa. Mwishowe kitanda changu kikasogezwa hadi karibu na mlango, na hakuna aliyeazima sweta yangu tena. Simlaumu mtu. Ningekuwa wao, huenda nami ningesogea.

Likizo ilipofika nilienda kukaa kwa shangazi, ambaye ni muuguzi. Siku ya pili tu aliniita dirishani penye mwanga, akanitazama viwiko kimya kwa muda mrefu. Akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: kama tumbo hujaa gesi, kama nachoka ovyo, kama nimeongezeka kimo tangu mwaka uliopita. Nilikuwa sijaongezeka. Akanipeleka kwa daktari wa ngozi, naye akataka nipimwe damu kwa ugonjwa uitwao siliaki. Huu ni ugonjwa ambao mwili wa mtu huikataa gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Gluteni ikishuka tumboni, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba wa mwenye mwili. Kwa baadhi ya wagonjwa ngozi nayo hushambuliwa, ikatoa malengelenge yenye kuwasha kama yangu.

Mama aliposikia hivyo, akatangaza papo hapo kuwa sitakula tena chapati, mandazi wala mkate. Mama ni mama. Lakini daktari akakataa katakata. Akasema niendelee kula kama kawaida mpaka damu itolewe, na kwa kuwa miadi ya maabara ilikuwa bado wiki kadhaa, wiki zote hizo nile ngano kila siku. Enyi wenzangu, nilikasirika! Mtu anajua kinachoniumiza, kisha ananiamuru nikile? Daktari, mzee mpole, akaketi na kunisimulia nusu ya habari za Willem-Karel Dicke. Nusu ya pili niliitafuta mwenyewe vitabuni, na ndiyo hiyo ninayowaletea leo.

Willem-Karel Dicke alizaliwa mwaka wa 1905 katika mji wa Dordrecht, Uholanzi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden, kisha akaenda The Hague kujifunza utibabu wa watoto katika hospitali ya watoto ya Juliana. Alikuwa kijana wa bidii, maana kufikia mwaka wa 1936, akiwa na umri wa miaka 31 tu, alifanywa mkuu wa hospitali hiyo hiyo.

Katika wodi zake walilazwa watoto wa aina moja iliyomsumbua kila daktari wa enzi hizo. Walikuwa na matumbo makubwa kama ngoma, mikono na miguu kama vijiti, na kinyesi kingi cheupe chenye mafuta na harufu kali. Walikula, lakini chakula hakikuwajenga. Wengine walikufa. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Matabibu wa Kigiriki wa kale waliuandika, na jina lake latokana na neno lao la tumbo. Mwaka wa 1888 daktari wa London aitwaye Samuel Gee aliueleza kinaganaga, akasema kwamba kama mgonjwa anaweza kupona, basi ni kwa chakula. Ila chakula gani, hapo ndipo palipomshinda. Alimpa mtoto mmoja kome wa baharini kutoka Uholanzi kila siku, mtoto akanawiri. Msimu wa kome ulipokwisha, mtoto akarudi pale pale.

Baada ya Gee alikuja Sidney Haas wa New York. Mwaka wa 1924 alitangaza tiba ya ndizi. Naam, ndizi hizi hizi! Watoto walilishwa ndizi kwa wingi, wakanyimwa mkate, viazi na nafaka nyingine, nao wakapata nafuu kweli kweli. Haas akaamini kwamba ndizi ndiyo dawa na wanga ndio adui. Wasomaji, hebu tulieni hapa. Mtoto amepewa ndizi na amenyang'anywa mkate kwa wakati mmoja, kisha amepona. Ni nani aliyemponya, kilichoingia au kilichotoka? Madaktari wengi waliitazama ndizi. Dicke alikuja kuutazama mkate.

Hakuutazama kwa akili zake peke yake. Inasimuliwa kwamba mnamo 1936 daktari mwenzake alimweleza habari za mama mmoja kijana, ambaye mwanawe alikuwa na ugonjwa huu pamoja na vipele. Mama huyo alikuwa ameona kwamba kila akiuondoa mkate mezani, vipele vya mtoto hupungua upesi. Hapakuwa na maabara wala mizani, ila jicho la mzazi tu. Daktari mwingine angecheka na kusema mambo ya jikoni yabaki jikoni. Dicke hakucheka. Jina la mama huyo mimi sikuliona popote, nami nasikitika, kwa sababu habari zake ziliponifikia nilisoma ukurasa ule mara tatu. Alianza kwa vipele, kama mimi.

Basi Dicke akaanza majaribio hospitalini. Alimwondolea mtoto ngano yote, akangoja. Mtoto akapata nafuu, akaongezeka uzito. Wengi wetu tungesimama hapo na kushangilia. Lakini Dicke alijua kwamba ndizi nazo ziliwahi kushangiliwa vivyo hivyo. Kwa hiyo akafanya jambo gumu: akairudisha ngano. Mtoto akaanza tena kuharisha, akapoteza hamu ya kula. Akaiondoa mara nyingine, nafuu ikarudi. Jambo likitokea mara moja laweza kuwa bahati, bali likienda na kurudi kila ukilivuta, hilo lina kamba. Mwaka wa 1941, nchi yake ikiwa tayari imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, aliandika katika jarida la madaktari wa Uholanzi juu ya lishe isiyo na ngano kwa watoto hao.

Kisha ikaja njaa. Mwezi wa Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuwasaidia Washirika waliokuwa wakija kuikomboa nchi. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisifike miji ya magharibi, The Hague ikiwamo. Majira hayo ya baridi ya 1944 hadi 1945 Waholanzi huyaita majira ya njaa. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu na viazisukari vya kulishia mifugo. Takribani watu 20,000 walipoteza maisha. Katika msiba huo Dicke aliona kitu kisichotarajiwa: wakati watoto wa mji mzima wanakonda, watoto wake wa siliaki waliendelea vizuri. Mkate haukuwapo. Misaada ilipofika mwaka wa 1945 na mkate kurudi, mji ukafurahi, na watoto wale wakaugua tena.

Wako wanaosimulia kana kwamba ugunduzi wote ulianguka kutoka mbinguni wakati wa njaa. La hasha! Nimekwisha kuwaonyesha kwamba tangu kabla ya vita alikuwa akiufuata mkate hatua kwa hatua. Njaa ilirudia tu jaribio lake, na yeye alikuwa tayari kuliona.

Baada ya vita alitaka uthibitisho usiopingika. Huko Utrecht alishirikiana na mwanakemia J. H. van de Kamer, aliyebuni njia ya kupima mafuta yaliyomo kinyesini, na daktari wa watoto aitwaye Weijers. Msicheke, jamani. Utumbo ukiwa mzima hufyonza mafuta. Ukiwa mgonjwa huyaachia yatoke. Kwa hiyo kinyesi kikawa daftari la kusomea hali ya utumbo bila kumpasua mtu. Wakawapa watoto vyakula mbalimbali na kupima. Ngano na rai zilipandisha mafuta kinyesini. Mahindi na mchele hapana. Wanga safi wa ngano nao hapana. Hivyo Haas alikuwa amemshtaki asiye na hatia. Mwenye makosa alikuwa gluteni.

Nani hajawahi kuiona gluteni? Chukua donge la unga wa chapati, ulioshe taratibu ndani ya maji. Maji yatageuka meupe, huo ndio wanga unaotoka. Mkononi utabaki na kitu cha kunatanata kinachovutika kama ulimbo. Hicho ndicho kinachofanya chapati ikunjike bila kukatika, na ndicho kilichokuwa kikiwamaliza watoto wa Dicke.

Mwaka wa 1950 aliyaandika matokeo yake katika tasnifu ya shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Hawakuwa wagonjwa wengi. Walikuwa watoto wachache waliofuatwa kwa miaka, uzito na kimo chao kikiandikwa kwa subira. Haba na haba hujaza kibaba. Baadaye alifanywa profesa huko Utrecht na kuongoza hospitali ya watoto ya Wilhelmina. Alifariki mwaka wa 1962, akiwa na umri wa miaka 57.

Ngozi, ambayo yule mama aliitazama kwanza, yeye hakuwahi kuona ikifumbuliwa. Malengelenge kama yangu yalikuwa yameelezwa zamani, mwaka wa 1884, na daktari Louis Duhring wa Philadelphia, Marekani. Kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa ugonjwa wa ngozi tu. Ilikuwa mwaka wa 1966, miaka minne baada ya Dicke kuzikwa, madaktari wa Newcastle, Uingereza, walipoonyesha kwamba wagonjwa wenye malengelenge hayo wana utumbo ulioharibika kama wa siliaki.

Sasa turudi kwenye damu yangu. Mwaka wa 1997 watafiti wa Berlin walitambua shabaha ambayo kinga ya mgonjwa huilenga. Ni kimeng'enya cha mwili wenyewe, ambacho kwenye karatasi za maabara huandikwa tTG. Damu ya mgonjwa huwa na kingamwili nyingi zinazokipinga, na hizo ndizo zinazohesabiwa. Karatasi yangu ilipotoka, niliishika nikatetemeka. Ilikuwa na tarakimu tupu na herufi za Kizungu. Shangazi akanifundisha kuisoma, nami nawafundisha ninyi.

Kwanza, usiitazame tarakimu peke yake. Itazame pamoja na kikomo kilichochapishwa kando yake, maana kila maabara ina kipimo chake. Tuseme wewe umepata 15. Kama kikomo ni 10, umezidi. Kama kikomo ni 20, uko salama. Ukilinganisha karatasi yako na ya mwenzako aliyepimwa kwingine bila kutazama vikomo, mtadanganyana bure.

Pili, tazama mstari ulioandikwa IgA jumla. Kipimo cha kawaida huhesabu kingamwili za aina hiyo ya IgA. Wako watu waliozaliwa nayo kidogo mno. Hao wanaweza kuwa wagonjwa na bado karatasi iseme wazima, kwa hiyo hupimwa kwa njia nyingine.

Tatu, jiulize ulikuwa ukila nini. Kingamwili hizi hupungua mtu akiacha gluteni. Ningemtii mama nikaacha chapati mapema, huenda karatasi ingetoka safi, nami ningerudishwa bwenini na chupa nyingine ya dawa ya upele. Hapo ndipo hasira zangu kwa daktari zilipoyeyuka. Alikuwa amenifanyia alichofanya Dicke. Aliuacha mkate uwepo ili ushahidi uonekane.

Nne, karatasi si hukumu. Kikomo kikizidi kidogo tu, huenda sababu ikawa nyingine. Kikizidi mara kumi au zaidi, na kipimo cha pili cha damu kikakubaliana, madaktari wa watoto siku hizi waweza kuthibitisha siliaki bila kuchukua kipande cha utumbo. Na kwa mwenye malengelenge, damu yaweza hata kusema hapana ilhali ugonjwa upo. Kwa sababu hiyo hukatwa kipande kidogo cha ngozi, tena si juu ya kidonda bali kando yake palipo pazima, kikatazamwa kwa darubini kama IgA imetuama humo. Damu yangu ilikuwa imezidi kikomo mara sita. Ngozi ikasema ndiyo.

Mama alilia. Mimi, niwaambie ukweli, nilicheka. Kwa mwaka mzima nilikuwa mchafu, na kwa karatasi moja nikawa mgonjwa. Kuwa mgonjwa ni afadhali.

Nilipewa vidonge vya dapsoni, dawa iliyotumika pia kutibu ukoma, nikawa napimwa damu mara kwa mara ili isinidhuru. Siku chache tu mwasho ukatulia, nikalala usiku mzima. Lakini dapsoni hutuliza ngozi tu. Utumbo hauponyi. Tiba yenyewe ni ile ya Dicke, kuacha gluteni maisha yote, na kwa ngozi hiyo huchukua miezi, hata miaka, kabla dawa haijaachwa. Ugali nakula, wali nakula, githeri, viazi, mihogo, nduma na ndizi pia. Uji wa wimbi nanywa, ila unga wake lazima usagwe kwenye kinu kisichosaga ngano. Kinachonitia uchungu ni chapati za siku ya kufunga shule. Wenzangu wakizikunja, mimi hutoka nje kidogo nikahesabu nyota.

Kitanda changu kimerudi katikati ya bweni. Aliyekuwa wa kwanza kusogea ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniomba radhi, na sasa hunibadilishia ndizi yake kwa mkate wangu.

Wenzangu, msije mkaichukua hadithi hii mkajifanya madaktari. Ukiwashwa bwenini, mara nyingi ni upele kweli, nao hutibika vizuri iwapo wote mnaolala karibu mtapakwa siku moja na nguo kufuliwa. Lakini mwenzenu akitibiwa mara ya pili na ya tatu bila kupona, na malengelenge yakakaa viwikoni na magotini pande zote mbili, msimsogezee kitanda mlangoni. Mpelekeni kwa matroni, naye amwombee daktari wa kumtazama. Wala asiache mkate kabla ya kupimwa.

Mwalimu wangu aliniuliza mtu huyu ana ushujaa gani. Hakupigana vita wala hakutunga shairi. Alimsikiliza mama aliyekuwa akitazama vipele vya mwanawe, kisha akatumia maisha yake kuhakikisha kama mama huyo alisema kweli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa sahanini, na aliyekiona kwanza alikufa miaka mingi kabla sijazaliwa.

 

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.